Popobawa Alipanda Daladala ya Bububu

Bajeti ya filamu yetu ilikuwa shilingi 12,000. Elfu nne za bando, elfu tatu za tochi ya Kichina, zilizobaki tulikula urojo. Mabawa hayakutugharimu kitu. Tuliokota mwavuli mweusi uliovunjika nyuma ya hosteli, tukaukata katikati, tukaushonea kwenye koti la mvua. Ukimtazama Popobawa wetu kwa mgongoni unaiona zipu. Tulitaka ionekane.

Kwa wenzetu wa bara mliokuja kusoma huku mkalisikia jina tu: Popobawa ni jini anayesemekana huja usiku, kivuli chake kama bawa la popo, na ndiko jina lilikotoka. Anachowafanyia watu, wanaume kwa wanawake, kila mtu anakijua na mie sikiandiki. Husemwa pia kwamba akikufikia ukanyamaza, atarudi, kwa hiyo lazima uwatangazie watu. Sijui kama kuna jini mwengine duniani mwenye masharti ya kudhalilisha kama hayo.

Filamu yenyewe ni dakika sita. Popobawa anashuka bandarini kwa boti kutoka Pemba (aliyeandika ni rafiki yangu wa Wete, lawama mpelekeeni yeye) na anaukuta mji umebadilika. Kila anayemtokea anatoa simu apige naye selfi. Anapanda daladala ya Bububu, konda anamwambia, "Mzee, kunja mabawa hayo au lipa siti mbili." Anatoa noti ya elfu mbili, anaambiwa chenji asubiri, na mpaka mwisho wa safari Popobawa ndo kazi yake kudai chenji. Halafu watu wa mtaa wanamkimbiza kwa mifagio na makandambili mpaka anaanguka. Hapo ndipo palipochekesha kuliko kote.

Vipande vya usiku tulipigia Mji Mkongwe, vichochoro vya Malindi, baada ya isha. Watalii wawili walituona, wakacheka, wakaomba picha. Hatua ishirini mbele, mzee mmoja aliyekaa barazani kwake alimuona Popobawa huyo huyo. Akainuka, tukamsikia anasoma Ayatul Kursiy, akaingia ndani akatia komeo. Simu ilikuwa bado inarikodi. Tulicheka mpaka mwenye mabawa akakaa chini. Na tukaiweka kwenye filamu.

Nimekulia kwenye muvi za aina hii. Kaka yangu alikuwa nazo Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Zile zilitengenezwa zitishe, na mie zilinitisha kweli, nilikuwa nalala na taa. Nilipozirudia nikiwa kidato cha nne nikaanza kuona rangi za usoni na nguo za kuazima, nikacheka. Nilicheka kwa mapenzi, lakini. Mtu huna pesa, unataka kuleta jini kwenye skrini, unaleta kwa ulichonacho. Aliye tayari kuamini ataamini, na aliyekuja kucheka naye hatoki bure.

Kucheka kwa makusudi ni jambo jengine. Wamarekani walitoa Sharknado mwaka 2013: kimbunga kinanyanyua papa baharini na kuwamwaga Los Angeles. Bajeti ndogo kwa vipimo vya kwao, ambayo kwetu ingejenga hosteli. Watu chungu nzima wanaipenda, mie dakika ishirini zilinitosha, maana mwenye nazo akijifanya hana anachosha. Nenda Uganda, mtaa wa Wakaliga, Kampala. Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa za kuhesabu kwa vidole, na ndani yake kuna mtu anapiga domo juu ya filamu mwanzo mwisho, anaisifu na kuikejeli kwa pumzi moja. Sisi ndo tulitaka kuwa kama wale.

Ijumaa nikaenda nyumbani Kikwajuni, nikamuonesha mama kwenye simu.

Kwenye daladala alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwa mzee wa barazani alinyamaza. Ilipofika mifagio alinirudishia simu. "Zima, baba."

Mwaka 1995 mama alikuwa na miaka 14. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na roho za watu zilikuwa juu juu. Hofu ya Popobawa ilianza Pemba, ikavuka ikaja Unguja. Familia nzima nzima zililala nje, mikeka imetandikwa uani na barazani, moto umewashwa. Hayo nilikuwa nayajua. Nilijua pia kwamba hapa mjini umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili, aliyekuja kutafuta matibabu, kwa kumdhania ndiye. Nilijua kama unavyojua jambo la kwenye kitabu.

Nisilolijua ni kwamba usiku mmoja mama aliamka kwenda chooni, akamuona mtu anapita uchochoroni amejitanda shuka kichwani. Akapiga kelele: "Huyo!" Neno moja tu. Waliolala nje walikuwa na fimbo tayari mkononi.

Mtu mwenyewe alikuwa mvuvi, anawahi pwani, shuka ya baridi. Alipona, lakini mkono wake haukunyooka tena na mtaa ule aliuhama. "Mpaka leo nikimkuta Darajani napita upande mwengine," mama akasema. Halafu akaenda kutia maji ya chai. Miaka 22 nimeishi naye, sijawahi kuisikia hiyo.

Jumapili usiku tulikaa watano chumbani. Nikasema mbio za mifagio zitoke, na mzee naye atoke. Rafiki yangu wa Wete alikasirika, na hoja yake haikuwa ndogo. Alisema bibi yake alilala nje miezi, kwa hiyo asifundishwe na mtu wa Kikwajuni Popobawa ni nini. Alisema jini anayedai chenji hamuogopeshi mtoto, na tukikataa kumcheka tunamrudisha kwenye giza alikotoka.

Mie kwenye chenji nakubaliana naye mia kwa mia. Lakini zile mbio hazimcheki Popobawa. Sisi tunaona zipu, ndo maana tunacheka akipigwa. Popobawa wa 1995 hakuwa na zipu wala mwavuli, alikuwa yeyote anayepita saa tisa usiku. Na wenye mifagio kwenye filamu yetu tuliwafanya mashujaa. Nikawaambia habari ya mvuvi. Sikusema nani aliyepiga kelele.

Tukapiga kura, tatu kwa mbili.

Tukaionesha ukumbi wa hosteli, shuka ukutani, projekta ya kuazima. Kwenye siti mbili watu waligonga meza. Msichana mmoja wa Makunduchi alitoka mapema, akasema mambo haya hayachezewi, na sikuwa na la kumjibu. Filamu iliisha ghafla, Popobawa yuko kituoni anahesabu vidole, taa zikawaka. Watu wakapiga kelele warudishiwe hela zao, na kiingilio kilikuwa bure. Rafiki yangu wa Wete alinitazama kama anayesema nilikwambia. Kweli, bila mwisho ule filamu imepungua, na mpaka leo hatujapata mwisho mwengine.

Mama hakuigusia tena. Juzi tu, niko naye jikoni namkunia nazi, akaniuliza bila kugeuka: "Yule konda wenu, ile chenji mwisho aliitoa?"

Nikamwambia hakutoa.

"Ndo zao," akasema, akanyoosha mkono nimpe kifuu.