Timu Ikivunjwa, Moyo Usivunjike

Mwanangu alirudi hapa Githongo amebeba viatu vya mpira, akavitupa chini ya kitanda. Shule yao imevunja timu kwa kukosa pesa.

"Baba, sirudi kule," akaniambia.

Jioni, baada ya kupeleka majani chai kituoni, nilimwita jikoni tukaota moto. Nikamsimulia habari za Chuo Kikuu cha San Francisco, Marekani, cha mapadri Wajesuti. Mwaka 1951 timu yake ya kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, ilicheza mechi 9 na kushinda zote. Ikadokezewa kwamba ingealikwa kwenye mchuano mkubwa iwapo ingewaacha wachezaji wake wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Wenzao wakakataa katakata. Mwaliko haukuja, na kwa uhaba wa fedha chuo kikaivunja timu. Georgetown, chuo kingine cha Wajesuti, kilikuwa kimeacha mchezo huo mwaka uo huo; Fordham kikafuata 1954.

"Na wale wawili?"

"Matson alishinda medali mbili za mbio katika Olimpiki ya Helsinki, 1952. Toler aliumia goti mwaka huo, asicheze tena. Akawa mwalimu, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mchezo huo."

Kijana alinyamaza. Asubuhi nilimkuta akipangusa viatu, sanduku la shule likiwa mlangoni.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Lakini wazazi wenzangu, hivi kweli tumeshindwa kuchangia mpira mmoja?