Whitby: Ngazi 199 na Jambo Moja Zito

Kama umewahi kukaa mbali na mwenzi wako kwa muda mrefu, unajua kwamba siku tatu za kwanza mkikutana huwa ni fungate tupu. Siku ya nne mnaanza kuulizana nani kaacha taulo bichi kitandani. Ndiyo maana Desemba 2022, nilipomfuata mume wangu aliyekuwa amemaliza masomo yake Leeds, sikutaka likizo ya wiki moja. Nililimbikiza siku zangu za kazini, binti yetu nikamwacha kwa bibi yake Morogoro, nikachukua wiki tatu nzima. Mahali alichagua yeye: Whitby, mji mdogo wa kale katika pwani ya kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Mimi niliposikia pwani, nikapakia kanga na kandambili. Jamani! Treni kutoka Middlesbrough inachukua kama saa moja na nusu ikifuata bonde la mto Esk, na tuliposhuka, upepo wa Bahari ya Kaskazini ulinipiga usoni kama kofi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na ushee asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Kanga niliishia kujitanda kichwani, chini ya kofia ya sufu.

Lakini mji ni mzuri, nisiseme uongo. Mto unaugawa katikati, daraja lake hufunguka kupisha vyombo, na nyumba zenye mapaa mekundu zimepandana mlimani kana kwamba zinachungulia bahari. Upande wa mashariki kuna vichochoro vyembamba vya mawe ambavyo vilinikumbusha Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuna na samaki wa kukaushwa kwa moshi, harufu yake unaisikia kabla hujaona duka. Samaki na chipsi ndiyo usiseme, ila wanatia siki na chumvi basi, kachumbari sahau.

Historia nayo imejaa. James Cook alijifunza ubaharia hapa kuanzia mwaka 1746, na meli yake Endeavour ilijengwa hapahapa mwaka 1764. Bram Stoker alikuja kupumzika mwaka 1890, na sehemu ya riwaya yake ya Dracula, iliyotoka 1897, inatokea kwenye mji huu. Kwa hiyo usishtuke ukipishana na vijana waliovaa nyeusi kuanzia viatu hadi kucha.

Kitu kingine cheusi ni vito vya jeti. Hii ni miti ya kale iliyogandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi ikawa jiwe laini la kung'aa. Mwenzangu alininunulia hereni, nikafurahi kama mtoto wa Iddi. Muuzaji ndiye aliyetueleza kwamba jeti ilivuma zaidi Malkia Victoria alipoivaa kuomboleza kifo cha mumewe, mwaka 1861.

Basi, wiki ya pili ikaingia. Ukiwa mahali ambapo giza linaingia saa kumi, mvua inapiga dirisha na hita ndiyo rafiki yako, hadithi zote za umbea huisha. Mkishamaliza za ndugu na za majirani, yanabaki yale mliyokuwa mnayakwepa.

"Mke wangu, kuna kitu sijakwambia," akaanza.

Alikuwa amepewa kazi. Miaka mitatu, hukohuko, na jibu lilitakiwa baada ya mwaka mpya. Barua alikuwa nayo tangu Novemba! Nikaangalia zile hereni mezani nikajiuliza, hii ilikuwa zawadi au utangulizi?

Sikumjibu. Asubuhi nilivaa koti nikapanda peke yangu zile ngazi 199 zinazokwenda kanisa la St Mary's. Njiani kuna sehemu pana za kupumzikia. Zamani waliobeba majeneza walikuwa wakiyatua hapo wavute pumzi. Nami nikapumzika kila moja, maana nilikuwa nimebeba yangu. Juu kabisa kuna magofu ya abasia, mahali ambapo mwanamke aitwaye Hilda alianzisha nyumba ya watawa mwaka 657, akiwaongoza wanaume na wanawake pamoja. Mwaka 664 viongozi wa kanisa walikutana kwake, kila upande na tarehe yake ya Pasaka. Wakakaa, wakasikilizana, yakapatikana maamuzi. Mimi hata kukaa sikuwa nimekaa.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. "Mia moja tisini na nane," akasema.

"Ni mia tisa na tisini na tisa."

"Mia ngapi?"

Nikacheka bila kutaka, nikarekebisha hesabu. Tukashuka tukizihesabu pamoja, tukapotea kwenye sabini hivi, kwa sababu tulikuwa tumeanza kuongea. Nilimwambia wazi: miaka mitatu binti yetu atakuwa na saba, na mimi sitaki kumlea kwa simu. Yeye naye akanieleza mkopo wa nyumba ya Kibaha ambao mimi nilidhani umekwisha. Hilo nalo sikuwa nalijua.

Usiku wa mwisho aliandika jibu: mwaka mmoja, si mitatu, kama wanakubali. Kabla ya kulituma alinipa simu nisome. Nilisahihisha neno moja, nikabonyeza mwenyewe.