Chai na Supu

Wenzangu, bwenini mwetu yalizuka mabishano makali: chai na supu vina tofauti gani? Mmoja alisema chai ni supu ya majani tu, maana vyote ni maji ya moto yaliyotiwa kitu. Mimi nilikataa.

Majani ya chai hutoa rangi na harufu yake kwa dakika chache, kisha huchujwa yakatupwa. Supu hutaka saa nyingi, mpaka mifupa itoe mafuta na ute wake, na nyama iliyomo huliwa.

Kweli, mpaka haukuwa wazi siku zote. Huko China, katika karne ya 8, Lu Yu aliandika kitabu juu ya chai, akawalaumu waliochemsha majani pamoja na vitunguu na tangawizi. Lakini yeye mwenyewe alitia chumvi kidogo. Tibet hata leo chai hutiwa siagi na chumvi.

Kwetu Toro, mashamba ya chai yapo karibu na nyumba, nasi hupima kwa njia nyingine. Baba alipougua miezi mitatu, kila aliyekuja kumtazama alipewa chai, hata tusiyemjua. Sukari ilipokwisha, wageni waliinywa hivyo hivyo, wakashukuru. Supu ilikuwa ya baba peke yake. Siku mifupa ilipokosekana buchani, mama alichinja kuku wake wa mayai.

Asubuhi moja baba aliisukuma bakuli, akasema, "Nipeni chai kama watu wengine." Hapo tulijua amepona.