Tungo za Wanafunzi wa Masagati

Katika miaka yote niliyojaliwa kufundisha Kiswahili na kusahihisha tungo za watoto wa Masagati na vijiji jirani, hakuna badiliko lililonishughulisha moyo kama lile la aina za tungo ambazo mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kuzileta katika mashindano ya utungaji ya shule zetu. Kwani nimeshuhudia mtoto yule yule, mwenye akili ile ile na habari ile ile kifuani, akiwa bubu alipolazimishwa umbo moja la maandishi, na akawa msemaji fasaha alipopewa jingine.

Nilipokuwa mwanafunzi, katika miaka iliyouzunguka uhuru wa mwaka 1961, aina zilikuwa mbili tu, insha na shairi. Mada ya insha aliichagua mwalimu, aghalabu juu ya faida za kilimo au madhara ya uvivu, na sharti iwe na mwanzo, kiini na tamati, na methali ya kufungia. Shairi nalo lilikuwa tarbia: mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane, vina vya kati na vya mwisho vikilingana, na mshororo wa nne, ikiwezekana, uwe kiitikio. Baba zetu waliokuwa wakisoma Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walikuwa wamekwisha kuzoea mashairi ya namna hiyo, na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi kilikuwa kwa walimu wetu kama kitabu cha kadhi: mwenye shaka alikifungua, naye aliyepunguza mizani hakuwa na wa kumtetea.

Sitaki msomaji adhani kwamba nayadharau mafundisho yale. Sisi tuliotoka katika nyumba zilizosema Kibena, Kihehe, Kindamba au Kipogoro tulikipata Kiswahili chetu kipana kwa sababu ya kutafuta vina. Kwani mtu anayehitaji neno linaloishia kwa silabi fulani hulazimika kupita maneno mengi ambayo vinginevyo asingeyagusa maishani, na mengi katika hayo humbakia. Lakini katika insha zile na mashairi yale bonde letu la Kilombero halikuonekana. Mto Mnyera haukutajwa, wala mpunga, wala swala waitwao sheshe waliokuwa wakila majani kwa makundi, wala maji ya masika yaliyotutenga na ulimwengu. Ungeyasoma madaftari yetu usingejua kama yameandikwa Masagati au Tanga. Nami husikitika zaidi nikikumbuka kwamba katika kitabu cha A. T. na G. M. Culwick juu ya Wabena wa Mitoni, kilichochapwa mwaka 1935, mna sura iliyoandikwa na Mtema, yaani mtawala, Towegale Kiwanga mwenyewe. Mtu wa bonde hili alikuwa amekwisha kuingia kitabuni na maneno yake juu ya watu wake, ilhali watoto wa raia zake, miaka mingi baadaye, walikuwa hawana umbo la kuandikia habari za nyumba zao.

Badiliko la kwanza lilikuja na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha washairi cha UKUTA waliyashika majibizano ya kishairi wakayafanya chombo cha kueneza siasa ya Ujamaa, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA, vilivyotoka baada ya kufariki kwake mwaka 1969, vilienea mashuleni. Nilipoanza kufundisha, hapakuwa na sikukuu ya Saba Saba isiyokuwa na ngonjera, na watoto waliokuwa wakinong'ona darasani walisimama uwanjani wakabishana kwa sauti hata mwisho wa safu ya watu ukasikia. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mwanafunzi akitunga maneno ya mtu asiyekubaliana naye, nalo ni jambo kubwa katika elimu ya mtunzi. Upungufu wake ulikuwa kwamba mshindi wa majibizano alijulikana tangu ubeti wa kwanza: mvivu hakupata hata siku moja kusema neno la kweli, na mkulima hodari hakupata kuchoka.

Kisha ukaja ubishi mkubwa wa mashairi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipopita Mlimba katika bonde letu, vitabu na walimu vijana walianza kutufikia kwa urahisi zaidi, na mmoja wao alishuka na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ya mwaka 1974 isiyofuata vina wala mizani. Mwanafunzi akaiga, akaleta shairi la namna hiyo mashindanoni, na mzee mmoja tuliyekuwa tukisahihisha pamoja akaliweka kando akisema, “Hii ni insha iliyokatwakatwa.” Yule mwalimu kijana akamjibu kwa adabu, “Shikamoo, mzee wangu, lakini Mwalimu Nyerere naye alipomfasiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari hakutumia vina. Je, tumkate alama na yeye?” Mzee alicheka, lakini hakubadili alama. Hata baada ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi kutoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979 na kuitetea njia hiyo kwa hoja za kitaalamu, sisi huku tuliendelea muda mrefu kuyapokea mashairi huru kama mgeni anavyopokewa barazani bila ya kukaribishwa ndani.

Walakini lililofungua kinywa cha bonde hili hasa ni hadithi fupi, nami ningependa kulieleza hilo kwa utulivu.

Asiyejua maisha ya Kilombero hajui kwamba mpunga hauwaachi watu vijijini. Mvua zikianza, jamaa nzima huhama kwenda mashambani, mbali na shule na zahanati, wakakaa huko hata mavuno. Na mpunga unapotoa masuke, kazi ya mtoto ni kukaa juu ya dungu tangu alfajiri kuamia ndege, na usiku kuwasikiliza nguruwe. Kila mwalimu wa huku anazijua nafasi zile tupu katika daftari la mahudhurio. Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, mpole, ambaye kila mwaka aliandika insha juu ya faida za kilimo, kavu kama zilivyokuwa insha zote, ya kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na kadhalika. Mwaka tuliporuhusu hadithi fupi, aliandika juu ya binti aliye juu ya dungu, mwenye kombeo mkononi na kitabu cha hesabu magotini, ambaye kila akiinamia kitabu kwelea hushuka, na kila akisimama kuwafukuza hupoteza mahali alipokuwa akisoma. Na jioni babaye anahesabu masuke yaliyoliwa, wala hamgombezi, bali anamwambia tu kwamba ada ya shule imo katika masuke hayo hayo. Hakuwa na methali ya kufungia. Hakueleza kilimo kina faida gani. Tulioisoma tulikuwa wana wa wakulima, nasi tulinyamaza kitambo kabla ya kuitia alama.

Simlaumu mtoto kwa ukavu wa kwanza. Insha ilimtaka aseme yanayojulikana na wote. Hadithi ilimtaka aseme analolijua yeye.

Zilipojengwa shule za sekondari za kata katika miaka ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliopewa jina la MMES, ulioanza mwaka 2004, waandishi wetu wadogo waliongezeka mno, na aina zikaongezeka nao. Huko nje mambo yalikuwa yakienda vivyo hivyo: Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliasisiwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, ikaanza na riwaya na ushairi, kisha ikapokea hadithi za watoto, na baadaye tamthilia. Mashindano ya SADC na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wanafunzi wa sekondari yameishikilia insha, nayo yana haki, kwa kuwa kujenga hoja ni ustadi usio na badala.

Siku hizi watoto wetu huleta hadithi, mashairi ya namna zote mbili, michezo ya kuigiza, na hata kumbukumbu. Nayapenda haya yote, ila nina manung'uniko mawili. Wapo wanaokimbilia shairi huru kwa kuikwepa kazi tu, na kwa ajili yao nashauri kila mtunzi alete pamoja nalo ubeti mmoja wa tarbia uliotimia, ili tujue ameacha vina kwa hiari na si kwa kushindwa. Na mchezo wa kuigiza usihukumiwe mezani. Usimamishwe uwanjani, kwa kuwa maneno yasomekayo vizuri huweza kufa mdomoni.

Liko pengo moja lililobaki. Nyimbo za wapiga kasia wa Kindamba, ngano za Kibena, na simulizi za wazee juu ya bonde kabla ya reli hazina nafasi katika orodha yetu, na wazee hao wanapungua kila masika. Nimewaomba walimu wenzangu tuongeze aina ya masimulizi yaliyokusanywa, na mazungumzo ndani yake yaachwe katika lugha ya nyumbani. Wameniuliza, kwa haki, mtunzi atakuwa nani, mzee au mwanafunzi. Nimewajibu kwamba juu ya karatasi yaandikwe majina mawili, la aliyesimulia na la aliyeandika, na zawadi igawanywe nusu kwa nusu.