Bunduki Yenye Bahati

Neno bunduki lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na bahati asili yake ni Kiajemi; lakini hapa Walukuba, mtaa wa Jinja uliokusanya wafanyakazi wa makabila mengi, maneno hayo mawili huandamana kama ndugu. Wazee waliopata kuwinda husema kwamba bunduki hii ina bahati na ile ina kisirani. Mwalimu wa lugha hawezi kulisikia neno kama hilo asitake kujua limebeba nini.

Mfano mashuhuri hauko mbali nasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskochi W. D. M. Bell alipitia Mbale, ambako Waswahili wafanyao biashara ya pembe walikuwa wamepiga kambi, akaelekea Karamoja. Wawindaji wengi wa zama zake walipendelea bunduki nzito zenye kishindo. Yeye alipenda Rigby nyepesi ya kipimo cha milimita 7, na ndovu aliowaua maishani walizidi 1,000. (Hesabu hiyo hainifurahishi hata kidogo.) Watu wangeweza kuiita bunduki ile ya bahati. Lakini Bell alikuwa amepasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo ulipo. Na silaha nyepesi haichoshi mkono, wala haimfanyi mpigaji afumbe macho kwa kuogopa kishindo.

Zaidi ya hayo kuna kitako. Mafundi hukiweka katika kiwiko kilichokunjwa, wakatazama kama kidole cha shahada kinaufikia mtambo wa kufyatulia. Kikimfaa mtu, akiinua bunduki jicho hujikuta kwenye shabaha bila kutafuta. Kisichomfaa humchelewesha, na porini kuchelewa ni jambo kubwa.

Nilimweleza hayo jirani yangu, mzee aliyekuwa askari wa wanyamapori katika miaka ya 1970. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, kama ni kitako tu, mwenzangu aliuawa na nani?"

Asubuhi moja waligawiwa bunduki ghalani kwa haraka, bila kuangalia ipi ni ya nani. Mzee ni mrefu. Mwenzake alikuwa mfupi, naye akapewa ile ya Mzee. Nyati aliyejeruhiwa akawatokea kichakani. Kitako kikanasa katika shati, chini ya kwapa, na risasi ikapita juu. Mzee alimwangusha nyati kwa bunduki ya mwenziwe, lakini mtu alikuwa amekwisha.

Tangu siku ile Mzee amekuwa akisema bunduki iliingiwa na kisirani. Nadhani neno hilo liliwasitiri wote: aliyegawa, na waliopokea wasiulize, naye akiwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimelivua bila kujua lilimfunika nani.

Tulikaa kimya kitambo. Halafu akauchukua ufagio uliokuwa mlangoni, akaniomba nimwonyeshe tena jinsi kitako kinavyopimwa.