Baba Alijenga Bwawa, Sisi Tukasomea Koroboi

Leo hakuna vichekesho, wasee. Leo naongea kuhusu baba yangu.

Mtu wa Gachoka anaujua mto Tana. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa matano, yote kwenye mto huu unaotutenganisha na Ukambani. Wakati Kiambere inajengwa, miaka ya themanini, Baba alikuwa kijana wa umri wangu. Aliandikwa kibarua, akawa anabeba simiti. Mwaka wa 1988 bwawa likaanza kutoa stima. Kazi ilikuwa imeisha, yeye amerudi nyumbani na buti moja nzuri na moja imetoboka. Stima ikapita juu ya vichwa vyetu ikaenda Nairobi. Mimi nimesomea koroboi hadi darasa la sita.

Siku moja nikamuuliza, "Baba, na hamkudai hata waya moja?"

Akacheka. "Kuna mama amejifungua usiku hospitalini, taa ikiwaka. Hiyo nayo si yangu?"

Sikuridhika. Hadi leo sijaridhika. Mtu akijenga kitu, naye akitumie. Lakini Baba hakuwa na hesabu kama zangu.

Alilima ndengu na muguka, akafuga mbuzi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mweka hazina wa kioski cha maji, bila mshahara. Kiangazi cha Mbeere si mchezo, na wengine walikuja na mtungi bila shilingi. Aliwaandika kwa daftari. Alipotuacha mwaka jana nililifungua. Majina ya wajane na wazee yamepigwa mstari, na kando, kwa mwandiko wake: "nimelipa." Mama mwenyewe hakuwa anajua.

Sasa hii ndiyo inaniuma. Niliacha chuo mwaka wa pili, na Baba alikuwa ameuza mbuzi saba kwa ile karo. Kumwangalia usoni nilishindwa, nikampigia simu. Akanyamaza sana. Halafu akauliza, "Umekula?"

Nikarudi nyumbani. Majirani wakiuliza, alikuwa anawaambia, "Yuko kazini." Kazi gani, na mimi nashinda kwa simu chini ya mwembe! Siku moja akaniuliza hiyo kazi yangu inahitaji nini. Nikamwambia, kwa utani tu, taa nzuri. Jioni akatoka Kiritiri na balbu kubwa mfukoni mwa koti. Ndiyo ile mnaiona inawaka kwa video zangu.

Kwenye lile daftari nilitafuta jina langu. Halikuwepo. Nilitamani liwepo, angalau nijue nadaiwa ngapi.

Kama mzee wako yuko hai, mpigie leo. Usimwombe pesa. Muulize alipokuwa na umri wako alikuwa anafanya kazi gani, halafu nyamaza usikilize. Mimi nilimuuliza mambo ya waya, nikasahau kumuuliza kama mgongo ulikuwa unamuuma.