Ua la Peni Tatu

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Waingereza nao waliwahi kulitia wazo lilo karibu na hilo kwenye sarafu, ila wao walitumia ua badala ya methali.

Mnamo mwaka 1937, enzi ya Mfalme George VI, ilianza kutumika nchini Uingereza sarafu ya peni tatu yenye rangi ya manjano na pembe 12. Uso wake mmoja ulibeba sura ya mfalme. Wa pili ulibeba mmea mdogo uotao kwenye majabali ya pwani na kuchanua maua ya rangi ya waridi. Kwa Kiingereza mmea huo huitwa “thrift”, neno ambalo pia lina maana ya kutumia mali kwa uangalifu. Mchoro huo, uliotokana na kazi ya Madge Kitchener na kurekebishwa na Percy Metcalfe, ulikuwa basi mchezo wa maneno uliochorwa. Asiyejua jina la mmea huona ua tu.

Mkusanyaji mmoja wa huko, mwanamke mstaafu, hutafuta sarafu kuukuu zenye mimea pekee. Anazo peni tatu za fedha za miaka ya 1930 zenye vitawi vya mwaloni. Anazo peni sita za kuanzia mwaka 1953, ambamo waridi la England, mbigili wa Uskoti, shamroki ya Ireland na liki ya Wales, mmea wa jamii ya kitunguu, vimesukwa pamoja. Anayo pia pauni ya mwaka 1986 yenye kitani cha Ireland ya Kaskazini.

Peni tatu zenye ua la pwani anazo mbili. Moja ni ya mwaka 1949, ambayo ni adimu, na maua yake yangali yanahesabika. Nyingine, ya mwaka 1937, aliikuta ndani ya mkebe wa vifungo wa marehemu mamake. Hiyo imesagika hata maua yamekuwa vinundu visivyo na umbo.

Siku moja alishika kitambaa na dawa ya kung’arishia, akitamani kulirejesha ua la mamake. Alijua kwamba kusugua sarafu huikwangua na kuishusha thamani. Lakini hilo silo lililomzuia. Alikumbuka kuwa ua lile halikuliwa na kutu. Lililiwa na vidole: vya mwuza mkate, vya utingo wa basi, na pengine vya mamake mwenyewe, aliyezihesabu peni mara mbili kabla ya kuzitoa. Kulisugua kungekuwa kukifuta kile kidogo walichokiacha. Akakiweka kitambaa chini.

Peni tatu zilikoma kuwa fedha halali mwaka 1971. Mwaka 2017 Uingereza ilitoa pauni mpya, nayo ina pembe 12 kama yake babu. Juu yake mna waridi, liki, mbigili na shamroki, kila mmoja ukisimama kwa niaba ya taifa lake. Ua la majabalini halimo, kwa maana halikuwahi kuwakilisha taifa lolote. Liliwakilisha mwenendo wa watu wa kawaida, na hao ndio waliolifuta kwa kulitumia.